Muulize Shangazi: Septemba ya Durban, asubuhi kifua wazi jioni sweta

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba huku Durban mwezi wa tisa upepo unanitesa na nguo za wateja, basi barua zimemiminika utadhani watu mlikuwa mnasubiri mtu aanze. Kumbe wengi mna ndugu huku, wengine mnajiandaa kuja, na wengine mnagombana na waume zenu kwenye simu kwa sababu ya hali ya hewa, hilo sikulitegemea. Nimechagua barua sita. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa, mimi fundi cherehani, nina miaka kumi na nne mji huu maeneo ya Point, ila nimezaliwa Tanga na marehemu baba alikuwa nahodha wa mashua, kwa hiyo kwetu asubuhi kabla hujaulizwa umeamkaje unaulizwa upepo unatoka wapi. Haya twende.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu yuko Durban mwaka wa pili sasa. Jumanne iliyopita kanipigia vidio saa nane mchana kifua wazi, jasho linamtoka, anasema joto limefika nyuzi 35. Jumatano asubuhi kanipigia tena kavaa jaketi na kofia ya sufu anasema baridi inamuua. Nikamwambia wewe uko miji miwili, niambie ukweli wako uko na nani. Kanuna mpaka leo. Shangazi, mji wa hivyo upo kweli au nianze kuchunguza? — Mke wa mtu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kuchunguza chunguza kama una sababu nyingine, ila kwa hili la joto na baridi mumeo hajakudanganya, mpigie umwombe radhi. Jumanne ile mimi mwenyewe nilikuwa nimelala kwenye vigae vya jikoni kama paka, na Jumatano nikatoa blanketi nililokuwa nimeshalikunja.

Iko hivi. Ukitoka Durban ukashika njia ya Johannesburg unapanda, unapanda, mpaka unafika uwanda wa juu wa mita 1,500 na ushei, na pembeni kuna milima ya Drakensberg ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000. Mwisho wa baridi na mwanzo wa majira haya ya maua, hewa ya kule juu inakuwa nzito imekaa, ndo ule mgandamizo mkubwa mnaousikia kwenye taarifa. Huku chini kunapita kamgandamizo kadogo, kanatambaa na ukingo wa bahari kutoka upande wa Cape kuja kwetu. Basi hewa ya juu inavutwa kuteremka, na hewa ikiteremka inabanwa, na ikibanwa inapata moto. Umeshawahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ukashika ile chuma chini? Ndo hiyo hiyo. Kila ikishuka mita 100 inaongezeka karibu nyuzi 1, kwa hiyo hewa iliyoondoka kule juu na nyuzi 18 ikishuka mita 1,500 inamfikia mumeo ikiwa na 33, kavu kama imetoka kwenye tanuri la mkate, na hapo bado hatujaingia kiangazi. Wenyeji wanauita upepo wa berg, berg ni mlima kwa Kiafrikana.

Sasa kale kamgandamizo hakakai, kanapita. Kakishapita tu upepo unageuka, na sisemi unageuka taratibu, unageuka kama mlango uliopigwa teke. Unaanza kuvuma kutoka kusini magharibi, baridi ya bahari ya huko chini kabisa ya dunia, na nyuzi zinaweza kushuka 10 mpaka 15 ndani ya saa moja. Pale ninapoegesha gari kuna jamaa wa Bukavu analinda magari, huyo ndo mtabiri wangu, koti lake anakuja nalo kwenye mfuko wa nailoni hata siku ya joto la kufa. Siku ile ya Jumanne nilipita pale kama saa tisa, hakuna upepo, majani ya minazi yamening'inia tu, vilima vya Bluff kule kusini ya bandari vinaonekana karibu utadhani unaweza kuvigusa, na yeye kainuka kwenye kiti anaangalia kusini. Akaniambia, "Mama, mupepo iko inageuka, enda utoe nguo zako." Nikamcheka. Sijafika ngazi ya pili mfuko wa chipsi umenipita usoni, mchanga, makaratasi, kopo linabingirika barabarani, na mlango wa chini umejibamiza.

Baba alikuwa anasema mwaka una wake wawili, kaskazi na kusi, kila mmoja ana miezi yake na wa pili haingii ndani mpaka wa kwanza atoke. Majahazi yote ya zamani yaliishi kwa adabu hiyo, unakwenda na huyu unarudi na yule. Huku Durban wake ni hao hao, mmoja wa kaskazini mashariki, mmoja wa kusini magharibi, ila hawana zamu ya miezi, wanagawana wiki. Jumatatu huyu, Jumatano yule, na katikati yao anapita huyo mgeni wa mlimani anachoma nyumba moto. Kwa hiyo mwanangu usimuulize mumeo "huko joto au baridi", muulize upepo unatoka wapi, hapo utamjua kama yuko Durban au hayuko.

Sasa Shangazi. Niko na safari ya Durban kuanzia tarehe 10 mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwezi, nimeangalia kwenye simu wanasema ni spring na joto ni digrii 24. Mimi naona hiyo si mbali na Mombasa mwezi wa saba, sibebi kitu. Mamangu anasema nibebe blanketi. Nani yuko sawa? — Kijana wa Likoni

Mama yuko sawa, ila blanketi liache, utalipishwa uzito wa mzigo bure.

Hiyo 24 uliyoiona ni wastani wa mchana, na wastani ni kama kusema mtu mmoja kala kuku mzima mwingine kalala njaa basi kila mtu kala nusu. Ndani ya hiyo 24 kuna siku ya 35 na kuna siku ya 17 yenye mvua ya mchirizi na upepo. Halafu usiku inashuka mpaka 15, 16, na Mombasa hata Julai ukiona 20 usiku watu wanakohoa. Na kitu ambacho hamna anayekwambia ni nyumba. Nyumba nyingi huku zimejengwa kupambana na joto, vigae chini, madirisha makubwa, hakuna hita, kwa hiyo baridi ya nje ikiisha ya ndani bado ipo, unatoka nje kuota jua kama kenge.

Beba sweta moja zito na jaketi jepesi la kuzuia upepo, lile la nailoni linalopiga kelele ukitembea, hilo ndo litakusaidia kuliko koti la gharama. Fulana za kawaida. Soksi za kulalia, usicheke. Mwavuli usibebe, upepo wa kusini magharibi unaugeuza kikombe siku ya kwanza, na kuna asubuhi mapipa ya taka pale mjini yamejaa miavuli iliyovunjika miguu utasema kulikuwa na vita vya popo. Toka asubuhi na nguo juu ya nguo, unavua unavaa, wenyeji wote wanaishi hivyo, mkoba wa mtu wa Durban mwezi wa tisa una sweta ndani hata kama jua linawaka.

Na hii spring uitazame vizuri maana sisi tuliotoka huko hatuna jina lake. Tuna masika, tuna vuli, tuna kipupwe, tuna demani, lakini msimu wa dunia kuamka kutoka baridi hatuna kwa sababu kwetu haijalala. Huku wanaianza tarehe 1 Septemba, mashuleni na makazini watu wanavaa nguo za rangi rangi. Wazulu wao mwezi huu wanauita uMandulo, mwezi wa kuanza kulima. Dalili zake si za kelele. Kuna mti wanauita umsinsi, ndugu wa ukoo mmoja na mwamba-ngoma wetu, unapukutisha majani yote unabaki kijiti, halafu kwenye kijiti hicho kikavu yanatoka maua mekundu kama pilipili, bila jani hata moja. Mwewe nao wanakuwa wamesharudi tangu Agosti, hao wenye mdomo wa njano, wanakimbia baridi ya huku wanakuja kushinda huko kwetu tropiki kisha wanarudi huku kuzaa. Nikimwona wa kwanza juu ya paa la soko namsalimia Kitanga kabisa, salamu za nyumbani. Watu wananiona chizi.

Jambo la mwisho, saa. Huko kwenu mko mbele yetu kwa saa moja. Jua mwezi wa tisa linazama mapema, kama saa kumi na mbili kasoro hivi kwa saa ya huku, na likizama baridi haisubiri, kwa hiyo usije ukaenda kupiga picha bichi saa kumi na moja jioni na kaptula halafu ukaniandikia barua nyingine.

Shangazi habari za kazi. Nilikuja Durban mwaka jana mwezi huo huo, siku hiyo jua kali ajabu, nikaona bahari ya bluu nikavua nikaruka. Nilitoka mbio mpaka watoto wa Kizungu walicheka. Inakuwaje hewa ichemke na maji yawe barafu, bahari si ile ile ya Hindi? — Dalali, Kinondoni

Pole baba. Bahari ni ile ile, na tena mkondo unaopita mbele ya Durban, Agulhas, unatoka upande wetu, unateremsha maji ya vuguvugu ya Msumbiji na Madagaska kwenda kusini. Bila huo ungetoka majini umeshikana meno.

Ila bahari ni sufuria kubwa. Sufuria kubwa inachelewa kuchemka na inachelewa kupoa. Baridi ya hewa huku kilele chake ni Juni na Julai, lakini maji yenyewe yanafika chini kabisa Agosti na Septemba, wakati sisi juu tumeshaanza kutoa feni. Saa hizi yanakuwa nyuzi 20, 21 hivi, mpaka Februari na Machi ndo yanafika 25 na zaidi. Wewe wa Kinondoni umezoea maji ambayo hata yakipoa sana hayashuki hapo. Na ile siku ya upepo wa berg ndo inadanganya zaidi, mwili wako uko nyuzi 35 unaurusha kwenye 20, lazima ukimbie, hao watoto wa Kizungu walicheka kwa sababu wao walikuwa wameloweka miguu tu.

Papa? Najua hukuuliza ila kila mtu anauliza. Fukwe za mjini zina nyavu za papa tangu 1952. Ogelea kati ya bendera, na ukisikia filimbi ya mlinzi toka, usianze kumweleza wewe ni mtoto wa pwani.

Shikamoo dada. Kijana wangu yuko huko kikazi. Kila ikifika mwezi wa tisa anaugua, pua inatoka damu, midomo inapasuka, na anasema akigusa mlango wa gari anapigwa shoti, akivua sweta gizani anaona cheche. Bibi yake anasema amechezewa, nitume kitu? Niko njia panda. — Mama wa watatu, Muheza

Marahaba mdogo wangu, na salamu kwa bibi, mwambie aliyemchezea kijana kawachezea watu milioni kadhaa pamoja na mimi.

Ni ukavu tu. Durban kwa kawaida ina unyevu mwingi hewani, asilimia 70, 80, chumvi unaiachia wazi usiku asubuhi ni uji. Ule upepo wa mlimani ukishuka unyevu unaporomoka mpaka 20 na pengine chini ya hapo kwa mchana mmoja. Ngozi ya ndani ya pua inakauka inapasuka, damu hiyo. Na shoti ni umeme mdogo unaojikusanya kwenye nguo kwa sababu hewa kavu haiupitishi, sweta za nailoni ndo mbaya zaidi, mwambie avae pamba. Mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua asubuhi na usiku, maji anywe, na siku ya upepo huo afunge madirisha ya upande wa bara. Lakini kama kifua kinabana au anapumua kwa mluzi hiyo si ya mafuta ya mgando, aende kliniki, maana upepo huo unabeba vumbi, chavua na moshi, na mwenye pumu anaumia kweli.

Huo moshi ngoja niuseme kidogo maana umenitia hasara. Pwani hii yote kaskazini na kusini ya mji ni mashamba ya miwa, na mengi yanachomwa kabla ya kukatwa ili majani makavu yaondoke. Yakichomwa, masizi yanapaa, vipande vyeusi virefu vyembamba kama nyuzi zilizoungua, vinaelea hewani polepole bila haraka yoyote halafu vinatua. Juzi nilikuwa na kanzu nyeupe ya bwana harusi, nimeifua nimeianika kibarazani asubuhi, hewa imetulia kabisa, najiambia leo dakika ishirini imekauka. Nikaingia ndani kupiga pasi koti lake. Natoka, begani kimekaa kipande kimoja cha sizi kirefu kama kidole, na mimi kwa ujinga wangu nikakifuta kwa kiganja. Usikifute! Sizi la miwa unalipuliza au unakung'uta nguo, ukiligusa tu linakuwa wino. Nikawa na mstari mweusi kutoka begani mpaka kifuani, nikafua mara ya pili, nikaanika, upepo ukageuka ukaja na mvua ya mchirizi, nikafua mara ya tatu nikaikausha kwa feni usiku kucha. Bwana harusi hajui mpaka leo, labda awe anasoma hapa.

Jambo Shangazi. Mimi ni mutu wa Uvira, nakaa Durban na bibi na batoto, nyumba yetu iko pembeni ya muto. Majirani banasema mwezi wa kenda inaweza kuleta mvua mubaya sana, bengine banasema hapana, ni mwezi wa mvua kidogo tu. Nani anasema kweli? — Baba wa mapacha

Jambo baba, na hongera ya mapacha. Wote wawili wanasema kweli, ndo ubaya wa swali lako.

Kwa kawaida Septemba hapa si mwezi wa kutisha. Milimita 70 hivi kwa mwezi mzima, wakati Dar mwezi wa nne inapita 200 bila kujisifu. Mvua zenyewe ni za kuanza anza, za kunyunyiza, zinakuja na ule upepo wa kusini magharibi zinaondoka nao, na mvua kubwa za radi za mchana zinangoja Novemba na kuendelea.

Lakini uliza mzee yeyote wa hapa kuhusu 1987. Siku za mwisho za Septemba mwaka huo mvua ilinyesha mfululizo siku nne, tano, kuna sehemu zilipata zaidi ya milimita 600, mito yote ya jimbo hili ikatoka kitandani. Watu karibu 400 walikufa, maelfu kwa maelfu wakabaki bila nyumba, na daraja la John Ross kwenye mto Tugela, daraja la barabara kuu kabisa, likachukuliwa na maji. Mwezi wa mvua kidogo huo.

Sababu yake ni hii. Juu sana angani kuna mkanda wa upepo wa magharibi unaozunguka huku kusini, na ndani yake hewa baridi inapita kama mawimbi. Mara nyingine kipande cha hewa hiyo baridi kinakatika na kuachwa nyuma, kama bogi lililochomoka kwenye treni, mkanda unaendelea na safari na kile kipande kinabaki kinazunguka palepale juu ya nchi, siku mbili, tatu, kinavuta unyevu wa bahari ya Hindi na kuumwaga kwenye vilima hivi. Miezi inayopenda kitu hicho ni ya katikati, ya kutoka baridi kwenda joto na ya kutoka joto kwenda baridi. Ya Aprili 2022 ilikuwa jamaa yake. Hiyo wewe labda ulishakuwepo, sehemu nyingine zilipata zaidi ya milimita 300 ndani ya siku moja na waliokufa walipita 400, wengi wao ni watu wa mabondeni na pembeni ya mito, nyumba kama yako. Mimi nilikuwa na mashati ya sare za shule yamelowa sakafuni, na nikaona aibu kuyalilia.

Na Septemba haina mvua peke yake. Tarehe 20 na 21 Septemba 2024 theluji ilianguka juu kule Van Reenen, kwenye barabara hiyo hiyo ya Johannesburg, ikafunga njia na magari yakalala barabarani usiku kucha na watu ndani, malori ya bandari yote yamekwama. Sisi huku chini tulipata upepo na mvua ya baridi tu, kilomita mia mbili na kitu kutoka kwenye theluji, na wiki chache nyuma tulikuwa tunajipepea.

Sasa nyumba yako. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Kusini inatoa onyo kwa rangi na namba, njano, machungwa, nyekundu, kuanzia 1 mpaka 10. Njano ya 2 endelea na kazi zako. Ikifika ya machungwa usiku, watoto wasilale pembeni ya mto, hata kama mvua yenyewe hujaiona mlangoni, maana mto wako unaletewa maji na mvua ya juu vilimani. Vyeti vya watoto na makaratasi yenu ya ukimbizi au vibali weka kwenye mfuko wa plastiki mmoja, utundike mahali ambapo hata bibi akiwa peke yake anaufikia. Najua kupanga sehemu ya juu ni ghali, sikwambii hama kesho. Ila jirani anayekwambia "hapana, ni mvua kidogo" muulize 1987 alikuwa anakaa wapi.

Shangazi mambo. Hapa kwetu Watamu kuanzia mwezi wa saba tunaona nyangumi wakipita na watalii wanalipa kwenda kuwaangalia. Nasikia na Durban wapo. Ni hao hao au wengine? — Mvuvi mdogo

Poa mdogo wangu. Ni hao hao, jamii moja, wale wenye nundu na mapezi marefu ya kando kama makasia. Wanashinda kusini kwenye barafu kula, baridi ikianza wanapanda kaskazini, wanapita kwetu Juni na Julai, wengine wanaishia Msumbiji na Madagaska, wengine wanafika mpaka kwenu. Wanazaa kwenye maji ya moto, halafu kuanzia Septemba wanaanza kuteremka tena mbele ya Durban, safari hii na watoto pembeni. Kwa hiyo wewe ukiona wanapungua Watamu, mimi nawapokea. Wanaogawana mwaka kwa ile adabu ya zamani ya majahazi wamebaki wao tu, miezi ya kwenda na miezi ya kurudi.

Pa kuwaangalia bila kulipa ni Bluff, kile kilima cha kusini ya bandari. Kilima chenyewe kina mambo. Upande wa bahari kulikuwa na kiwanda cha kuchinja nyangumi mpaka 1975, kutoka hapo walikuwa wanawafuata kwa meli na mpaka kwa ndege. Na kilima hicho hicho ndipo walipowekwa wale watu ambao Durban inawaita Wazanzibari, waliokolewa na Waingereza kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa hapa kuanzia 1873, wengi wao Wamakua hasa kuliko Wazanzibari, wakakaa pale karibu miaka tisini mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth, kitongoji kingine cha Durban. Mimi nikisimama pale upepo wa kusini magharibi ukinipiga kifuani huwa nawafikiria wale wa kwanza, wametolewa Unguja na nguo walizovaa, mwezi wa nane, wanauliza hii baridi inatoka wapi.

Siku nzuri ni ya pili au ya tatu baada ya upepo kugeuka, bahari imelala, mchana umeshapinduka jua liko nyuma yako, na unatafuta moshi. Huoni nyangumi kwanza, unaona moshi, kama mtu kapulizia kikombe cha chai pale kwenye upeo, halafu mgongo. Mwaka jana nilikuwa napeleka suti ya mteja huko huko Bluff, nikasema nisimame dakika mbili tu. Akatoka mama na mtoto wake, karibu kabisa na miamba, na yule mtoto anajifunza kuruka, anajirusha anaanguka ubavu, anajirusha tena anaanguka ubavu, mama yake kalala tu pembeni haongei. Nilihesabu mara kumi na saba. Mteja alipiga simu mara tatu.

Suti ilifika saa nzima imechelewa na ina mchanga mfukoni.